Chupa Sita Ndani ya Soksi

Kila Novemba, ukungu ukishaifunga barabara ya Alba,
tunakula kwa Ottavio.
Chupa unaiacha mlangoni kwa mama mkwe wake.
Yeye huzing'oa vizibo jikoni, huzivisha soksi
ndefu za mpira, hadi shingoni,
na hasemi kitu hadi jibini iishe.
Leo tena, asema Delfina, tunauziwa mbuzi kwenye gunia.
Lakini mbuzi wangu, ajibu Ottavio, ana ukoo,
baba yake alikufa tajiri.

Tambi za mayai, siagi, na ule uyoga wa ardhini
ambao mbwa wa Gualtiero aliufukua juzi
na nusura aumeze.
Ulipoparuzwa juu ya sahani meza nzima ilifumba macho.
Mke wangu naye akafumba.
Alichelewa, kiasi cha kope moja.
Niliona mimi tu.

Nives ndiye aliyekuwa pua yetu.
Mwaka ule wa mvua ya mawe alinusa mara moja,
akataja kilima, akataja upande wa kilima,
akaongeza: na mwenye shamba alikuwa na ugomvi nyumbani.
Soksi ikavuliwa. Kweli tupu, hata ugomvi.
Kisha ikaja homa ya Februari.
Ilipotoka ilitoka na harufu zote,
kama mgeni aliyeaga vizuri
kumbe amebeba vijiko.
Kahawa ikawa maji moto.
Shingo yako, aliniambia usiku mmoja, haina mtu.

Usiwaambie.
Sijawaambia.

Soksi ya kijani: cheri, lami, waridi lililokauka.
Ya milia: Gualtiero akautafuna mvinyo kama anatafuna ushahidi,
akataja mwaka, akakosea kwa miaka kumi na miwili,
akadai ni mwaka uliokosea.
Nives alizungusha glasi, akainamisha uso,
akakaa humo muda uleule aliozoea kukaa.
Nilikitazama kidole chake juu ya kitambaa cha meza.
Kilikuwa kinahesabu.

Ya nne nyekundu, ina kiraka kisiginoni.
Ermanno akatangulia, Ermanno mkulima,
ambaye kucha zake hazijatakata tangu mavuno.
Mkali, akasema. Umekunja ngumi.
Aliyeutengeneza alikuwa na haraka, au alikuwa na deni.
Nisingempa hata mkwe.
Tukacheka. Delfina akautema ndooni.
Ikafika zamu ya mke wangu.
Safari hii hata hakunusa. Aliiweka glasi chini,
akamtazama Ermanno kama mtu anayesoma saa ya ukutani.
Huu ni wako, akasema.

Mbwa alisikika akijikuna chini ya meza.
Ermanno akaivuta soksi polepole,
kama anamvua mtoto aliyelala.
Jina lake. Jina la baba yake.
Kile kishamba nyuma ya reli.
Masikio yakamwiva, na hakuna aliyecheka
hadi alipocheka yeye.
Umenusa nini? wakauliza wote. Umenusa nini, Nives?
Deni, akasema, akaomba mkate.

Njiani nilishusha kioo ili niuone ukingo wa barabara.
Umejuaje?
Alitukana, akasema, huku glasi yake ni tupu.
Nyingine zote aliacha nusu.
Na watu hukaripia vile watoto wao tu.

Tukapita ghala la Ermanno. Taa inawaka.
Nje kuna harufu gani? akaniuliza.
Nikaanza: maganda ya zabibu, dizeli ya...
Akaniwekea kiganja mdomoni.
Hapana. Usitaje majina.
Nielezee polepole,
mimi nikisie.